Miguu Sita ya Udongo Mweupe

"Maji yakipotea, tazama kwanza miguu ya wanao."

Bibi Nambike aliisema methali hiyo asubuhi, akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, ungo wa maharage mapajani. Mkwewe alikuwa ametoka kufoka uani kwamba ndoo aliyoijaza jana ameikuta nusu, na kwamba kuna watu ng'ambo ya ua wana mikono mirefu. Alifoka kwa sauti ya kusikika ng'ambo hiyo hiyo. Aliposikia maneno ya mama mkwe wake aliingia ndani.

Wajukuu wawili wakubwa, Mbonea na Zefania, waliokuwa nyumbani kwa likizo, wakatazamana.

"Bibi, hiyo umeitunga sasa hivi," Zefania akasema.

"Nitunge mimi? Nina nafasi ya kutunga, na debe zima la maharage linanisubiri? Sogea hapa, shika ungo. Na wewe Mbonea usijifanye huoni. Mikono ifanye kazi yake, masikio yafanye yake. Methali hiyo ina kwao, na kwao ni hapa hapa. Chanzo chake ni hiki."

Alikuwapo mwanamke katika kijiji hiki cha Mbweko, huku huku milimani Upare, jina lake Naelijwa. Alikuwa mjane. Binti yake wa pekee alifariki akamwachia wajukuu watatu: Sifueli wa miaka minane, Nakunda wa miaka sita, na Kiondo, kitinda mimba, ambaye alikuwa bado akikimbia hatua nne anaanguka ya tano. Naelijwa alikuwa mchapakazi na mlezi mzuri, hilo hakuna wa kumnyima. Ila alikuwa na tabia moja. Kila jambo lililomwendea vibaya lilikuwa na mtu nyuma yake. Kuku akikosa kutaga, kuna mtu amempiga jicho. Maziwa yakiganda, kuna mtu amepita mlangoni. Mnacheka? Ngojeni, mtajikuta humo humo.

Shamba lake la maharage lilikuwa bondeni, na lilitegemea ndiva. Ndiva mnaijua, na kama hamjui ni aibu yenu: ni bwawa la mawe na udongo kule juu, hujaa usiku kwa maji ya chemchemi, na asubuhi mzee wa maji huzibua, maji yakateremka mferejini hadi kwenye mashamba, kwa zamu. Siku hizo mzee wa maji alikuwa Mrindoko, mtu wa maneno machache na mwenye kumbukumbu ndefu.

Mfereji ulikuwa na matawi, na tawi moja lilihudumia mashamba mawili tu, la Kajiru upande wa juu na la Naelijwa upande wa chini. Tawi hilo lilipata maji siku moja tu kwa wiki, Jumanne. Kajiru alianza alfajiri. Jua likipiga lile jabali la upande wa pili wa bonde, anaziba mdomo wa shamba lake kwa udongo na majani ya migomba, maji yanaendelea kushuka, yanazunguka kona nyuma ya nyumba ya Naelijwa, penye migomba mingi, kisha yanafika shambani kwake.

Na kulikuwa na sheria. Mwenye zamu husubiri kwenye mdomo wa shamba lake, hapandi juu. Ukionekana unapanda kufuata mfereji na jembe mkononi wakati wa zamu, bila mzee wa maji, wewe ndiye mwizi, hata kama ulikuwa unakwenda kumtafuta mwizi. Na nyumba yoyote itakayopatikana imeziba au imechepusha maji, awe mkubwa awe mtoto, zamu yake inakatwa mpaka mavuno. Sheria hiyo haikuwa na mjomba wala shangazi.

Basi mwaka huo Naelijwa alipanda maharage yake mwisho wa mvua. Mwaka uliotangulia alikuwa amepata kidogo, akafika mahali pa kuwapikia wajukuu majani ya maboga asubuhi na jioni. Aliapa hali hiyo haitarudi. Maharage yakaota vizuri, yakaanza kutoa maua, na maua, mnajua, yanataka maji. Yakikosa maji majuma mawili matatu yanapukutika, unabaki na majani ya kumpa mbuzi.

Jumanne ya kwanza ya maua, jua likapiga jabali. Naelijwa akawa amesimama kwenye mdomo wa shamba lake na jembe, anasubiri. Maji hayakuja. Akasubiri. Yakaja kidogo, ya kulowesha kidole. Akainua macho kuelekea juu, na pale kwenye kona, katikati ya migomba, akamwona Kajiru ameinama, jembe lake linapanda na kushuka. Kidogo tu, maji yakaja kwa nguvu. Lakini zamu ilikuwa imekaribia kuisha, na nusu ya matuta ilibaki kavu.

"Ahaa," Naelijwa akajisemea.

Jioni akarudi nyumbani akiwa ameivimbia dunia. Wajukuu walikuwa uani wanamsubiri, miguu imeganda udongo mweupe kama majivu hadi magotini. Akachota maji kwa kata, akawakalisha kwenye jiwe mmoja mmoja, akawaosha huku anasema peke yake.

"Watu hawana haya. Mtu amekula zamu yake akashiba, bado anakula na ya mjane."

"Nani huyo, bibi?" Nakunda akauliza.

"Inua mguu. Mambo ya wakubwa. Na ndivani hamkukanyaga?"

"Hatukwenda ndivani, bibi."

"Msithubutu. Mnajua kilichompata mtoto wa Kajiru."

Walijua, kijiji kizima kilijua. Miaka ya nyuma mtoto wa kwanza wa Kajiru alikwenda kucheza ndivani na wenzake, akateleza, akatolewa amekwisha. Watoto wengine wa Kajiru walikuwa watu wazima sasa, wametelemka kwenye mashamba ya katani, mkewe naye alikuwa ametangulia mbele ya haki. Akabaki mzee peke yake na shamba lake.

Jumanne ya pili ikawa vile vile. Jua likapiga jabali, maji kimya. Kona ile ile, Kajiru yule yule, ameinama. Kisha maji. Naelijwa akaanza kuhesabu mambo ya nyuma. Mbona Kajiru siku hizi anachelewa kutoka shambani? Zamani alikuwa akimaliza zamu yake anakwenda kunywa dengelua, pombe ya miwa, na wenzake. Sasa anabaki pale mpaka jua linakuwa utosini. Anafanya nini? Mtu anakaa kwenye migomba ya watu kutwa nzima, anafanya nini kama si wizi?

Jumatano yake, saa za kula mchana, Kajiru akaja mwenyewe nyumbani. Akapiga hodi. Naelijwa alikuwa na wajukuu mafigani. Hakusema karibu. Akafungua mlango kiasi cha uso.

"Dada Naelijwa, hamjambo?"

"Hatujambo. Una shida?"

Zamani alikuwa akimwita kaka Kajiru. Siku hiyo kaka ilibaki kooni.

Kajiru akatazama ndani kupitia ule uwazi, akawaona watoto wamejikunyata kuzunguka chungu, nao wakamwona. Sifueli akainamisha kichwa. Kajiru akajikuna kidevu.

"Nilipita tu," akasema. "Watoto wazima?"

"Wazima."

"Basi. Waangalie tu, dada. Waangalie." Akaondoka.

Mlango ukafungwa. "Mmemwona?" Naelijwa akasema, mwiko mkononi. "Amekuja kupeleleza kama nimemwona! Na ananitisha na watoto wangu! Waangalie, waangalie! Ataona."

Watoto hawakujibu. Mtu mwingine angeshangaa, watoto watatu kunyamaza kwa pamoja. Naelijwa hakushangaa, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameshakwenda kwa Kajiru na hayakuwa na nafasi ya kutazama kwingine.

Jumanne ya tatu hakungoja tena. Alipoona maji yanasuasua akaenda moja kwa moja kwa mzee wa maji, akapiga mayowe njia nzima. Asubuhi iliyofuata wenye mashamba wote wakakutana juu, kwenye ukingo wa ndiva, kama ilivyo desturi. Mrindoko akamsimamisha Naelijwa aseme.

Akasema! Alijifunga kanga kiunoni, akashika kiuno, akanyoosha kidole. "Kajiru! Mimi sikutazami tena usoni! Wajukuu wangu yatima wanalia njaa, wewe umeinama mferejini unakula haki yao! Mwizi wa maji hana soni! Sema mbele ya watu, Jumanne tatu, pale kwenye kona, ulikuwa unafanya nini na jembe?"

Watu wote wakamgeukia Kajiru. Kajiru akafungua mdomo. Akamtazama Naelijwa, akayatazama yale maji ya ndiva, meusi na yaliyotulia. Akaufunga mdomo.

"Ulikuwepo pale kwenye kona?" Mrindoko akamuuliza.

"Nilikuwepo."

"Na jembe?"

"Na jembe."

"Una la kujitetea?"

"Sina," Kajiru akasema. "Kama mmeona ni mimi, basi ni mimi."

Watu wakaguna. Mrindoko hakuridhika, alimkazia macho muda mrefu, lakini sheria ni sheria. Zamu ya Kajiru ikakatwa mpaka mavuno. Mdomo wa shamba lake ukazibwa kwa mawe, na akakatazwa kugusa mfereji hata kwa kidole. Naelijwa akateremka mlima akijisikia mwepesi. Tena akawaambia wanawake aliofuatana nao, "Mmeona? Mtu asiye na kosa hupiga kelele. Yeye kimya!"

Hapo Bibi Nambike akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa uani.

"Kumbe alikuwa mwizi kweli?" Mbonea akauliza.

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona kuna kitu anaficha."

"Naelijwa naye aliona hivyo hivyo. Chambua."

Jumanne ya nne, Naelijwa aliamka na wimbo. Akawapa wajukuu viazi vya kuchemsha, akawaambia wakae nyumbani wachunge kuku, akashuka shambani mapema. Siku hiyo maji yote yalikuwa yake tangu alfajiri. Akafungua mdomo wa shamba, akasimama.

Maji hayakuja.

Si kidogo, si ya kulowesha kidole. Hayakuja kabisa. Jua likapiga jabali, likapanda. Maua ya maharage yalianza kudondoka mbele ya macho yake, moja baada ya lingine, na kila ua alilihesabu kuwa kijiko kimoja kilichotoka kinywani mwa mtoto. Naelijwa akaacha kuhesabu. Kumbe mtu huyu hakukomeshwa! Ameamua kulipiza! Pengine amechimba tundu chini kwa chini, pengine ametia dawa mferejini. Mara mbili alishika jembe akaliacha, kwa kuwa sheria aliijua. Mara ya tatu hakuliacha. Akavunja desturi iliyolindwa tangu babu zake, akapanda juu kufuata mfereji, peke yake, jembe begani. Alitaka kumkamata mkono ukiwa ndani ya maji.

Alipokaribia migomba akainama, akanyata. Akasikia sauti ya mwanamke anagomba. Akasimama. Sauti hiyo aliijua, ila hakukumbuka ni ya nani.

"Kajiru! Mimi sikutazami tena usoni! Mwizi wa maji hana soni!"

Akachungulia kati ya majani.

Pale kwenye kona udongo ulikuwa mweupe, wa kufinyangia, laini, na mfereji ulikuwa umezibwa kutoka ukingo hadi ukingo. Nyuma ya hilo tuta palikuwa na bwawa dogo la maji ya kufika kwenye vifundo vya miguu, limezungushiwa vijiwe, limepigwa lipu kwa viganja vidogo vidogo. Maji yalitoka humo kwa maganda ya mgomba yaliyotandazwa kama mifereji, yakazungusha gurudumu la mabua, yakabeba majani yaliyokunjwa kuwa mitumbwi, na mwisho wa yote yakamwagika korongoni bila kumfaa mtu. Kiondo alikuwa ameketi katikati ya bwawa, uchi, anajimwagia maji kichwani kwa kata ya bibi yake na kucheka. Nakunda alikuwa amejifunga kitambaa kiunoni, mkono mmoja kiunoni, mwingine umenyoosha kidole. Mbele yake Sifueli alipiga magoti.

"Sema mbele ya watu!" Nakunda akafoka.

"Kajiru hasemi," Sifueli akamsahihisha. "Kajiru ananyamaza. Ndivyo walivyosema."

"Haya, nyamaza. Zamu yako nimeikata!"

Naelijwa jembe likamponyoka. Akaketi pale pale chini, kwenye udongo. Akatazama mikono yake mwenyewe. Udongo ule mweupe hakuna mahali pengine ulipopatikana, shambani kwake ni mwekundu, uani kwake ni mwekundu. Jumanne tatu alikuwa ameuosha kwa mikono hiyo miguuni mwa wanawe, akiusugua, akiukwangua kwenye kucha, huku mdomo wake unamtaja Kajiru.

"Usiwaogopeshe, dada. Yule mdogo akishtuka ataanguka kifudifudi."

Akageuka. Kajiru alikuwa ameketi juu ya jiwe, hatua chache kutoka mferejini, upande wa shamba lake, anasuka kikapu. Hakuwa amegusa maji. Macho yake yalikuwa kwa Kiondo, na hakuyaondoa alipokuwa akizungumza.

"Ulijua," Naelijwa akasema.

"Tangu Jumanne ya kwanza. Nilikuta wamelijenga, nikalibomoa ili maji yakufikie. Nikageuka, wamelijenga tena. Mtoto na maji, nani amewahi kuwatenganisha? Kila nikibomoa, wao wanaona ni sehemu ya mchezo."

"Kwa nini hukuwafukuza?"

Kajiru akaacha kusuka. "Waende wapi? Ningewafukuza hapa wangepanda ndivani. Hapa maji ni ya vifundoni, na mimi nipo. Kule..." Hakumaliza. Haikuwa lazima amalize.

"Mbona hukuniambia? Ulikuja mpaka mlangoni kwangu!"

"Nilikuja kukuambia. Ulifungua mlango wa kupita panya. Ningesema ni wanao, ungeniambia nawasingizia yatima."



"Na kule mbele ya watu? Kajiru, ulinyamaza mbele ya watu wote!"

"Kule sheria ilikuwa inasikiliza, dada. Ningesema neno moja, zamu iliyokatwa ingekuwa yako. Mimi nina tumbo moja. Wewe una manne."

Hapo ndipo Naelijwa alipolia. Alilia kwa sauti, kama aliyefiwa, mpaka watoto wakasikia, wakaja mbio wakamzunguka, maji yanawachuruzika. Kiondo akampa ile kata. Kwa uwazi wa majani aliliona shamba la Kajiru: maharage yake yalikuwa yameanza kunyauka.

Sasa nyinyi niambieni. Alikuwa na njia mbili. Angelibomoa lile tuta, awachape wajukuu, anyamaze. Maji yangemfikia, maharage yake yangepona, watoto wangekula. Kajiru alikuwa ameshakubali, na hakuna mwingine aliyejua. Au angesema, na sheria ikaja mlangoni kwake na maua yale yakaanguka yote.

Jioni ile aliwapikia, akawalisha, wala hakuchota maji.

"Bibi, hutuoshi miguu?" Nakunda akauliza.

"Leo hapana."

"Tulale na udongo?"

"Laleni nao hivyo hivyo, mama yangu. Msiutoe hata kidogo."

Asubuhi Mrindoko alipofika kuzibua ndiva aliwakuta wameshafika. Naelijwa amesimama, Kiondo mgongoni, wale wawili amewashika mikono. Mrindoko akaagiza wenye mashamba waitwe, wakaja mmoja mmoja, wakashangaa. Kajiru naye akaja, kwa kuwa alikuwa ameitwa. Alipowaona watoto akatikisa kichwa kumkataza Naelijwa. Naelijwa hakumsikiliza. Akamshusha Kiondo, akawapanga watatu mbele yake.

"Niliwaambia mwizi wa maji yangu ni nani," akasema. Akainua kidole. "Niliwaambia, na nilimnyooshea kidole hiki hapa. Sasa naomba mtazame miguu ya wanangu."

Wakatazama. Miguu sita, myeupe hadi magotini, udongo umekauka na kupasuka. Kila mtu pale aliijua kona yenye udongo huo. Hakuna aliyecheka. Nakunda, aliyekuwa hajui kosa ni nini, akauinua mguu mmoja ili wauone vizuri.

"Nimeuosha udongo huu Jumanne tatu," Naelijwa akasema. "Sikuuona. Kaka Kajiru hakuiba. Alikuwa ananibomolea tuta, na ananilindia watoto. Jana pia nilipanda mfereji na jembe bila ruhusa. Ikateni zamu yangu, mrudishieni yake."

Mrindoko akawatazama watoto, akamtazama Kajiru.

"Kajiru, mbona ulikubali kosa lisilo lako?"

"Nilikubali adhabu, mzee. Na adhabu nimeitumikia, maharage yangu ni shahidi. Nauliza tu: kosa moja linaadhibiwa mara mbili?"

Mzee Mrindoko akafikiri. Wanasema alifikiri mpaka ndiva ikaanza kufurika pembeni. Mwisho akasema, "Haliadhibiwi mara mbili. Kosa la kona limeshalipwa na Kajiru. La kupanda na jembe limelipwa na huyu mama kwa kuja hapa. Kila mtu arudi kwenye zamu yake." Kisha akaonyesha pale maji yalipofurikia, penye mawe bapa, maji ya ziada ambayo hayakuwa ya shamba la mtu. "Na hapo pachimbwe, kina cha kiganja, si zaidi. Pawe pa watoto. Kila siku mtu mzima mmoja akae nao, kwa zamu, kama mfereji."

Zamu ya kwanza ya kukaa na watoto aliiomba Kajiru, akapewa.

Maharage ya Kajiru nusu yalikufa, siwadanganyi. Naelijwa akawa kila Jumanne, jua likipiga jabali, hafungui mdomo wa shamba lake. Anaacha ya Kajiru yanywe kwanza, tena kwa kupiga kelele kutoka bondeni, "Kaka Kajiru, bado! Ongeza kidogo!" Mwaka huo hawakushiba sana, wala hakuna aliyelala njaa. Na tangu siku ile, mtu yeyote aliyekwenda kwa mzee wa maji kushtaki kwamba ameibiwa, Mrindoko hakumuuliza mwizi ni nani. Alimuuliza swali moja tu: "Umeshatazama miguu ya wanao?" Wengi waligeuza njiani wakarudi nyumbani.

Bibi Nambike akapepeta ungo, makapi yakaruka.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na vicheko, kisha vikakatika ghafla. Mkwewe akatokea kwenye kona, amemshika mkono kitinda mimba wake wa miaka minne. Mtoto alikuwa ameloa kuanzia kichwani, mkononi ana kopo lenye matundu, miguu yote matope. Mama yake alimkalisha kwenye jiwe, akachota maji katika ile ndoo iliyobaki nusu, akamwosha mguu mmoja, akamwosha na wa pili, polepole. Alipomaliza akasimama, akajifuta mikono, akaenda hadi kwenye ua, pale pale alipofokea asubuhi.

"Mama Neema!" akaita, kwa sauti kubwa ile ile. "Mama Neema, dada yangu, upo? Yale niliyosema asubuhi nimeyasema vibaya. Nisamehe."

Sauti ikajibu kutoka ng'ambo ya ua, "Nilisikia. Na mtoto mwenyewe nilimwona anajimwagia, nikasema ngoja nimtazame asije akaanguka."

Zefania na Mbonea wakamgeukia bibi yao. Bibi Nambike hakuinua macho kutoka kwenye maharage.

"Maji yakipotea," akasema, "tazama kwanza miguu ya wanao."